Jina Kabla ya Huduma: Matumbawe Tuliyoachiwa na Somo la Sayansi

Chuo chetu kilirithi tangi la kioo lenye lita 300 za maji ya bahari, samaki watatu na matumbawe hai saba. Mwenye tangi, mkaazi wa Shangani aliyekuwa akihama, hakuwa na pa kulipeleka, nasi tulilipokea kwa furaha ya watu waliopata zana ya kufundishia bila ya kuitolea fedha. Tulipewa pia pampu, taa, na karatasi moja iliyoandikwa saa za kuwasha na kuzima taa hiyo. Majina ya viumbe waliokuwamo hayakuandikwa, wala sisi hatukuuliza.

Katika makala hii tunakusudia kutoa maoni yetu juu ya jambo ambalo tangi hilo lilitufunza kwa hasara, nalo ni kwamba mwalimu hana haki ya kuweka kiumbe hai mbele ya watoto kabla hajajitahidi kujua ni kiumbe gani. Tunajua kuwa wapo wakufunzi wenzetu ambao hawatakubaliana nasi. Tunajua pia kuwa wanachuo wengi hupenda zana inayong'aa, nasi wenyewe tulikuwa wa kwanza kuipenda.

Tuanze na namna tulivyoyataja matumbawe yale. Tuliyataja kwa rangi: la kijani, la hudhurungi, lile la zambarau. Wanachuo wakaandika hivyo katika madaftari yao. Baada ya mwezi mmoja wa taa ile, la zambarau likawa hudhurungi, na daftari likawa halina maana tena. Rangi ya tumbawe hutegemea kwa sehemu kubwa mwani mdogo sana, wa chembe moja moja, uishio ndani ya mwili wake. (Mwanachuo asichanganye mwani huo na ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, huu hauonekani ila kwa darubini.) Mwani huo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kulilisha tumbawe, nalo huupa makao. Nuru ikizidi au ikipungua, rangi hubadilika. Kumtambua kiumbe wa namna hii kwa rangi yake ni sawa na kumtambua mwanafunzi kwa kanzu aliyovaa Ijumaa.

Basi tumbawe hutambuliwa kwa nini? Kwanza yafaa mwalimu aweze kujibu swali ambalo kila mtoto ataliuliza: hiki ni jiwe, mmea au mnyama? Asimcheke mtoto atakayejibu kuwa ni mmea. Katika miaka ya 1720 daktari wa Kifaransa, Jean-André Peyssonnel, alipoeleza kwamba vile vilivyodhaniwa kuwa maua ya marijani ni wanyama, wataalamu wa Paris hawakumsadiki. Tumbawe ni mnyama, au mara nyingi ni kundi la wanyama wengi wadogo walioungana, kila mmoja akiitwa polipu. Polipu ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na minyiri hiyo huchoma kama ichomavyo konyeza, kwani wao ni jamaa. Matumbawe magumu hujijengea chini yake kikombe cha chokaa. Kwa hiyo mtoto aliyesema jiwe, na yule aliyesema mmea, na yule aliyesema mnyama, kila mmoja amegusa upande wa ukweli, na mwalimu hodari ataanza somo lake hapo hapo.

Baada ya hapo ni kazi ya macho na kuhesabu. Tumbawe laini, lisilojenga jiwe gumu, lina minyiri minane katika kila polipu, na kila mnyiri una vijinywele pande zote mbili kama unyoya wa ndege. Matumbawe magumu hufuata hesabu ya sita. Yapo mawili yanayofanana kama mtu na nduguye, yote mawili yakitoa polipu ndefu kama shada la maua: ukihesabu minyiri 24 ni Goniopora, ukihesabu 12 ni Alveopora. Tulihesabu letu usiku mmoja kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, wanachuo wanne wakibishana, na ilipofika 24 mara tatu mfululizo hapakuwa na haja ya mkufunzi kutoa hukumu. Hatukumbuki somo jingine la hesabu ambalo watu wazima walilifanya kwa hamu kama hiyo.

Lakini tumetangulia mno, kwani kabla ya usiku huo tulikwisha kuyapoteza mawili.

La kwanza tulilipoteza kwa kosa la hesabu. Maji ya tangi hupungua kwa kukauka, na letu lilipungua kiasi cha lita tatu kila siku katika miezi ya kaskazi. Tukafikiri kwamba, kwa kuwa yaliyopungua ni maji ya bahari, basi yaongezwe maji ya bahari. Mwanachuo wa zamu akawa anachota ndoo ufukweni kila asubuhi. Ila kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, hivyo lita 300 zina gramu 10,500. Kila lita tatu tulizoongeza zilileta gramu 105 zaidi. Kwa siku kumi tuliongeza gramu 1,050, na kila lita ya tangi ikawa na gramu 38.5. Tuliendelea hivyo kwa wiki tatu, hata tukapita gramu 42. Tumbawe lenye matawi ndilo lililoanza kuvua nyama yake kutoka shinani kwenda juu, na kwa siku nne likabaki jiwe jeupe. Hesabu hii yote ni ya darasa la tano na la sita. Tulikuwa wakufunzi watatu wenye stashahada, na hakuna aliyeifanya.

Kilichotakiwa ni kuongeza maji matamu: maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja katika chombo safi, si yale yaliyopita juu ya mabati, au maji ya mfereji yaliyochujwa na kuondolewa dawa. Maji ya visima vingi vya mjini hayafai, kwani yana chumvichumvi na mengineyo. Maji ya bahari huongezwa pale tu unapokuwa umetoa maji ya bahari ili kuyabadilisha.

La pili lilikufa kwa sababu hatukulijua jirani yake. Lilikuwa tumbawe la mviringo lenye mifereji inayopindapinda juu yake kama ubongo. Tulilisogeza karibu na jingine la kijani, lenye vikombe vilivyochomoza kama meno makali, ili watazamaji wayaone yote mawili kwa mara moja. Mchana yalikaa kwa amani. Asubuhi moja tukakuta upande mmoja wa lile la ubongo umekuwa mweupe, na kesho yake eneo jeupe limeongezeka. Tukalaumu maji, tukalaumu taa, tukamlaumu samaki mmoja asiye na hatia. Lile la meno ni Galaxea. Usiku hutoa minyiri mirefu ya kupigania nafasi, ambayo huweza kufikia sentimita 20 hata 30, na kila kinachoguswa huchomwa. Lau tungelijua jina lake siku ya kwanza, tungeliacha nafasi ya shibiri moja na nusu, na jirani yake angali hai. Kila jina katika kazi hii lina amri ndani yake: huyu awekwe mbali, huyu apewe nuru nyingi, huyu asiwekwe juu ya mwamba. Amri hiyo ya mwisho ni ya Fungia, tumbawe la mviringo kama uyoga uliopinduliwa, ambalo lote ni polipu mmoja mkubwa. Likiwa changa hushika mwamba kwa kikonyo. Likikua hukatika na kulala huru juu ya mchanga. Nasi letu tulikuwa tumelipachika juu ya jiwe kwa gundi ili lipendeze. Hilo tuliliwahi.

Tunakiri hayo kwa sababu hatuwezi kueleza jambo lifuatalo bila ya kukiri.

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uleule, mwanachuo mmoja alipangiwa somo la viumbe vya baharini katika darasa la tano. Alikuwa kijana mwenye bidii. Maji yalipokupwa alishuka mwambani alfajiri, akavunja matawi manne ya matumbawe hai, akayatia katika ndoo na kuyaleta darasani. Somo lilianza saa nne. Watoto waliyashika, waliyapitisha mkono kwa mkono, na darasa lilichangamka kweli kweli. Kabla kengele haijalia maji ya ndoo yalikuwa na utelezi kama kamasi, kwani ndivyo tumbawe lifanyavyo likitaabika. Siku ya pili ndoo ilitupwa nyuma ya jengo kwa harufu yake. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma ya darasa na fomu yetu ya tathmini, na mbele ya maneno "matumizi ya zana halisi" tulimpa alama ya juu kabisa.

Kosa halikuwa la kijana yule. Aliona tangi letu katika ukumbi wa chuo, akaona namna tulivyolionea fahari, akahitimisha kuwa mwalimu bora ni yule anayeitoa bahari baharini. Tawi lile huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka, na tumbawe la mviringo huongezeka polepole zaidi, kiasi cha sentimita moja. Somo la dakika arubaini lilikula miaka kadhaa. Wala mwamba wetu hauna ziada ya kugawa. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yalipauka kwa wingi, yaani yalipoteza ule mwani wake, na mengi yakafa; mwaka 2016 yalipauka tena, na mwaka 2024 mara nyingine. Joto likizidi kiwango cha juu cha msimu kwa nyuzi moja tu na kudumu wiki kadhaa, hiyo yatosha.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Tangi tulilorithi litunzwe kwa kadiri ya uwezo wetu, kwa sababu viumbe waliomo wako mikononi mwetu na hawana pengine pa kwenda. Lakini tangi hilo lisiwe mfano wa kuigwa. Pasiongezwe ndani yake hata tawi moja kutoka mwambani, na asiwepo mwanachuo atakayepewa alama kwa kuwaleta matumbawe hai darasani. Tangi la bahari ni chombo kilicho dhaifu. Kisiwa chetu kilikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme katika mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Hata katika kukatika kwa saa chache wanachuo wetu hupokezana kuteka maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Skuli ya kijijini isiyo na mlinzi wa usiku itafanyaje?

Mkufunzi mwenzetu mmoja, ambaye tunamheshimu, alitupinga katika kikao. Alisema: "Ndugu zangu, mtoto wa Ng'ambo hajawahi kuuona mwamba. Watoto wengi wa kike hawakufundishwa kuogelea. Mkimnyima tangi, mmempa nini?" Ni hoja ya haki, wala haijibiwi kwa kusema kuwa picha zipo vitabuni.

Jibu letu ni kwamba mtoto wa mjini ameuona mwamba kila siku ya maisha yake, ila hakuna aliyemwonyesha. Mji Mkongwe wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Mpeleke darasa zima Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, au kwenye ukuta wowote wa mtaani ambao lipu yake imebanduka. Mwambie kila mtoto atafute jiwe lenye alama. Ataona nyota ndogo zilizopangana, ataona mifereji ya ubongo, ataona vitundu visivyozidi ncha ya kalamu. Hivyo ni vikombe vya polipu walioishi zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na ndivyo hivyo vinavyojaa katika ardhi ya uwanda wa mashariki na kusini ya Unguja. Nyota hizo hazibadiliki rangi kwa taa wala hazifi kwa kosa la mkufunzi. Huwekwa karatasi juu yake na kupitishwa penseli au mkaa, na mtoto hurudi skuli na alama ya tumbawe lake mkononi. Karatasi sitini hupatikana kwa somo moja, bila ya kuvunja kitu.

Mafundi wa zamani waliijua kazi hii ya kutambua kuliko sisi. Kwa kuta walitumia jiwe la uwandani. Kwa nakshi walichagua tumbawe zito lenye vitundu vidogo sana, Porites, walilolikata baharini likiwa bichi, kwani huwa laini likiwa na maji na hukazana likikauka. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yamechongwa katika jiwe la matumbawe na yangali yakisomeka. Fundi aliyechagua jiwe lisilofaa asingeliacha nukta hata moja. (Hatusemi kuwa matumbawe hai yaendelee kukatwa, tunasema kuwa aliyeyakata aliyajua.)

Kisha mwalimu awapeleke watoto ufukweni. Vipande vilivyokufa na kusukumwa na mawimbi vyatosha kwa somo zima, na baada ya somo virudishwe vilikotoka. Waache wakitie kipande matone ya siki au ndimu, waone povu, na waulize kwa nini chokaa ya ukutani nayo hutoa povu hilo hilo. Miongoni mwa vipande hivyo kimo chekundu chenye mirija iliyosimama pamoja kama filimbi nyingi. Watoto hukipenda kuliko vyote, na hudhani kuwa kilipokuwa hai kilikuwa chekundu vilevile. Sivyo. Ni Tubipora, na likiwa hai wekundu wote umefunikwa na polipu wa rangi ya kijivu au kijani, wenye minyiri minane minane. Kwa kipande hicho kimoja mwalimu atakuwa amefundisha kwa nini rangi haitoshi, jambo ambalo sisi lilitugharimu tangi zima kulijua.

Aliye hai atazamwe nyumbani kwake. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, hupokea wanafunzi wa skuli pamoja na walimu wao, na mwalimu aliye na nafasi hiyo asiiache ipite. Skuli ambazo zamu yao haijafika zinaweza kutengeneza sanduku la mbao lisilo na mfuniko, chini yake likafungwa kioo kwa gundi isiyopitisha maji. Ukiliegemeza juu ya maji kutoka ubavuni mwa ngalawa siku ya shwari, chini huonekana kama kupitia dirishani, na mtoto asiyejua kuogelea huona sawa na ajuaye. Nahodha aulizwe mapema, na maji mafu ndiyo yanayofaa, kwani mkondo huwa hafifu. Mwalimu mwenyewe atangulie kwenda peke yake. Ajue mahali palipo na tumbawe la moto, Millepora, la rangi ya haradali lenye ncha nyeupe, lisilo na vikombe vinavyoonekana, ambalo si tumbawe la kweli na huunguza ngozi. Anapokwama kutambua, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978. Si aibu kwa mwalimu kubisha hodi akiwa na mchoro mkononi.

Tumeshaomba fomu ya tathmini ibadilishwe. Pale palipoandikwa "matumizi ya zana halisi" tumependekeza yaongezwe maneno haya: "na hali ya zana hiyo baada ya somo". Kikao hakijaamua.

Matumbawe matano yaliyobaki yangali hai. Manne yana vibandiko vilivyoandikwa na wanachuo: Galaxea, peke yake kwenye kona, Goniopora, Fungia, juu ya mchanga, na lile laini kama ngozi, Sarcophyton. La tano ni utando wa hudhurungi uliotambaa juu ya jiwe, ambao vikombe vyake hatujaweza kuvilinganisha na chochote, na kibandiko chake kimeandikwa "Bado tunachunguza". Mgeni mmoja alishauri tukiondoe kwa kuwa kinatia chuo aibu. Tumekiacha. Zamu ya kuongeza maji matamu wakati wa likizo imebandikwa mlangoni, na wiki ya pili haijapata mtu.